Dobi na Mdomo wa Dada Yake

Mtaa mzima ulimwita Bubu, na yeye alijua. Wenye masikio hudhani kwamba kiziwi hajui anavyoitwa, wakati neno hilo ni jepesi kuliko yote kulisoma mdomoni: midomo inagongana mara mbili na kuchomoza kidogo, kama ya mtu anayepuliza chai, basi, umeshatukanwa. Alilisoma kwa muuza mkaa, kwa watoto wa shule, hata kwa mama mwenye nyumba wake siku ile alipokwenda kuulizia chumba. Na wala hakuwa bubu. Sauti alikuwa nayo, tena nzito, ila mama yake aliipiga marufuku tangu utotoni kwa sababu iliwatisha wageni. Sisi tutamwita dobi, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi aliyoifanya maisha yake yote ya utu uzima, na mwanamke anayeijua kazi yake hastahili kuitwa kwa kile alichokosa.

Alipiga pasi. Chumba cha kazi kilikuwa nyuma ya duka, mbali na kaunta: mashine za kufulia zilizoliwa na kutu miguuni, moja ya kukamua iliyorukaruka kama inayotaka kutoroka, meza za pasi, na mabomba ya mvuke yaliyofungwa matambara. Kelele za mle ndani ziliwatoa wenye masikio vichwa vikiwauma. Yeye alitoka kila jioni ametulia tuli. Mkamuaji, mzee mmoja mwenye maneno mengi aliyeisimamia ile mashine ya kukamua, alipenda kusema kwamba mle ndani wote ni viziwi, ila mmoja tu ndiye aliyesomea.

Mzee huyo alijifunza lugha ya alama kwa dobi kwa sababu alipenda umbea, na kwenye kelele zile hapakuwa na njia nyingine ya kuupitisha. Haukupita muda akawa anaweza kugombana kwa mikono, kutania suruali za wateja, na kusimulia ugomvi wake na mkewe mwanzo mpaka mwisho. Mtu baki, jamani, aliyekutana naye ukubwani. Nyumbani kwao dobi, kwa watu waliomzaa na kumlea, alama zilikuwa chache mno: kula, oga, lala, njoo, acha, na ile waliyoitumia kuliko zote, kiganja kinachosukuma hewa kwenda chini, maana yake baadaye. Watu wakicheka mezani, yeye akivuta mkono wa dada yake kuuliza wanacheka nini, baadaye. Shangazi akiangua kilio kwenye simu, baadaye. Hakuna mtu aliyewahi kumweleza alichoahidiwa kuelezwa.

Hayo ndiyo aliyotaka kuwaambia wazazi. Kliniki ya masikio katika hospitali kubwa ilikuwa ikiwakusanya kila mwezi akina mama na akina baba waliogundua majuzi tu kwamba watoto wao ni viziwi, na muuguzi aliyesimamia mikutano hiyo, ambaye sare zake zilinyooshwa na dobi, akapata wazo kwamba wazazi wale wangefaidika kumwona mtu mzima aliyekulia katika hali ile. Wazo zuri kabisa. Mkalimani wa kweli hakuwapo, kliniki haikuwa na fungu la kumlipa. "Si una dada?" muuguzi akauliza, na mambo yakaishia hapo.

Dada yake mkubwa alikuwa na duka la dawa, na alikuwa mwanamke wa maneno laini. Mtu aliingia dukani kwake akiwa na homa akatoka akiwa na homa na matumaini. Alama alizijua za nyumbani, na nyingine nyingi alizidaka kwa mdogo wake aliporudi kutoka shule ya viziwi. Maisha yote yeye ndiye aliyekuwa mdomo wa mwenzake: hospitalini, benki, kwa mwenye nyumba. Ndugu walimsifu kwa hilo, na alizizoea sifa.

Mkutano wa kwanza, dobi alisimama mbele ya viti vya plastiki. Alikuwa na mambo ya miaka na miaka yaliyomkaa kooni. Alieleza mama yake alivyokuwa akimpiga mikono kwa mwiko kila alipoonyesha kitu kwa alama, ati watu watasema ana mtoto kichaa. Alieleza alivyokaa nyumba moja na ndugu zake kama mpangaji. Dada akasimama kando yake, bega kwa bega, wote wawili wakiwatazama wazazi, akawa anasema. Wazazi wakatikisa vichwa, wakatabasamu, macho yakawametameta. Mwisho wakaja kumkumbatia mmoja mmoja. Dobi aliondoka akishangaa. Nimewaambia nilipigwa, aliwaza, mbona wamefurahi? Akajijibu kwamba labda wenye masikio husikitika kwa kuchekelea, maana vituko vyao si vya leo.

Ikawa hivyo mkutano wa pili, na wa tatu. Muuguzi akawa anamwita kipenzi cha wazazi.

Siku ambayo mambo yalikwenda mrama, dari ya chumba chao ilikuwa imevuja, kwa hiyo muuguzi akawahamishia chumba cha mazoezi ya viungo, kule wanakofundishwa kutembea waliovunjika. Kulikuwa na magodoro membamba sakafuni, mipira mikubwa ya kukalia, na vyuma vya kushikilia. Ukuta mzima wa mbele ya dobi na dada yake, nyuma ya migongo ya wazazi, ulikuwa kioo.

Katika mstari wa kwanza alikaa mwanamke kijana aliyeitwa Mama Pacha. Binti zake mapacha walikuwa wa umri wa kuanza shule, mmoja anasikia, mwingine hasikii. Yule anayesikia alikuwa ameegemea goti la mama yake. Yule asiyesikia alikuwa juu ya mpira, ameacha kucheza, ametoa macho akiitazama mikono ya dobi. Hakuwa amewahi kuona mikono ikifanya vile. Dobi aliliona hilo, na likamkata maini.

Mama Pacha akanyoosha mkono. Aliongea kwa muda mrefu, akitazama chini. Dada akaligeuza swali kwa alama, na kwa hilo tusimwonee, aliligeuza sawasawa: mume wa mama huyu amelazwa ghorofa ya juu, madaktari wameshakata tamaa. Huyu pacha anayesikia atamweleza. Huyu mwingine je? Nyinyi kwenu mlifanyaje?

Dobi alimtazama mtoto aliyekuwa juu ya mpira. Kisha akasimulia jambo ambalo hakuwa amemsimulia mtu, hata mkamuaji.

Baba yake alikuwa fundi wa matairi, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko, na katika nyumba ile yeye peke yake ndiye aliyekaa chini na mtoto wakabuni alama zao wawili. Walikuwa na alama ya mvua, ya jirani mlevi, ya samaki anayenuka. Mtoto alikuwa wa miaka tisa. Siku moja akaamka akakuta nyumba imejaa watu. Shangazi, wajomba, majirani, viti vimetolewa uani, sufuria kubwa zimetengwa motoni. Akamwuliza dada yake kuna nini. Dada, aliyekuwa na miaka kumi na miwili, akamwangalia mama yao, kisha akafanya ile alama ya kiganja. Basi mtoto akatumia akili zake. Watu wengi, chakula kingi: ni harusi. Akaingia chumbani akavaa gauni lake jipya la njano, akajipaka mafuta miguu ikang'aa, akatoka uani akaanza kucheza. Alicheza mbele ya watu waliokuwa wanalia. Shangazi alimwasha kofi akaanguka.

Baada ya hapo akamtafuta baba. Dada akamfanyia alama ya gari na ya mbali: amesafiri. Kwa hiyo akamngoja. Kila jioni alikwenda kukaa kwenye ngazi za mbele, mwezi wa kwanza, mwezi wa pili, mpaka mvua zikaja na zikaondoka, na kila aliyepita alimwona na hakuna aliyemwambia. Alikuwa na miaka kumi na minne, yuko bweni la shule ya viziwi, mwalimu alipofundisha darasa zima alama ya kufa. Aliielewa, na hapo hapo akaelewa gauni la njano, kofi, na ngazi. Akalia mbele ya darasa kwa msiba wa miaka mitano iliyopita, na wenzake wakadhani anaumwa tumbo.

Alipofika hapo aliishusha mikono. Akainua macho kuwatazama wazazi, na akaona wanatabasamu. Mama Pacha alikuwa ameshusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo. Ndipo dobi alipotazama juu ya vichwa vyao, kwenye kioo, akamwona dada yake anavyosema.

Midomo ya watu wengine aliisoma kwa kubahatisha. Ya dada yake aliijua kama mtu anavyoijua njia ya kwao. Hakuwahi kuiona ikimtafsiri, kwa sababu siku zote walisimama bega kwa bega. Sasa aliiona. "Tulimwambia," midomo ikasema. "Polepole. Kwamba baba amesafiri safari ndefu. Akaelewa. Watoto hawa wanaelewa kwa moyo." Kisha dada akaweka mkono kifuani na kutabasamu. "Hakusumbua hata kidogo."

Damu ilimpanda dobi kichwani. Mikutano yote ile ikamrudia kwa mkupuo mmoja, machozi matamu ya wazazi, makumbatio, kipenzi cha wazazi. Alikuwa amesimama pale mwezi hadi mwezi akirusha mikono hewani, na mwingine kabisa, mtoto fulani mwenye bahati aliyelelewa na malaika, ndiye waliyekuwa wakimsikiliza.

Akamshika dada yake mkono. "Sema nilichosema."

"Si hapa," dada akamjibu kwa alama ndogo, chini ya kiuno.

"Sema."

Dada akawageukia wazazi, akatabasamu tena, na kioo kikamwonyesha dobi na hilo pia: "Mdogo wangu amechoka kidogo leo, mtuwie radhi."

Hapo dobi akafanya kitu alichokatazwa tangu utotoni. Akapiga hatua mpaka mbele ya Mama Pacha, akafungua kinywa, na akatoa sauti. Ilitoka nzito, imepinda, kubwa kuliko alivyokusudia. "Mwa-mbi-e," alisema, akimwonyesha yule mtoto juu ya mpira. "Bab-ake. Ana-kufa. Mwa-mbi-e! Mimi ha-wakuni-ambia!"

Mama mmoja alijikunyata. Baba mmoja akamvuta mwanawe. Pacha anayesikia akaanza kulia kwa woga na kujificha kwenye nguo za mama yake. Yule asiyesikia alibaki amemkodolea dobi macho bila hofu yoyote, kwa sababu kwake hakukuwa na cha kutisha. Muuguzi akaja na glasi ya maji, akamkalisha dobi kitini kwa upole ule wanaopewa vichaa.

Kwenye korido waligombana kwa mikono, na wagonjwa wenye magongo wakasimama kutazama sinema ya bure.

"Tangu lini?" dobi aliuliza. "Tangu siku ya kwanza?"

"Watu wale wanakuja kutafuta moyo," dada alisema. "Wameumia. Ulitaka niwaambie kwamba watawaharibu watoto wao?"

"Ndiyo."

"Na mama? Mama yuko kaburini, wewe unamwanika mbele za watu kama shuka."

"Mimi ndiye niliyekuwa nangoja kwenye ngazi. Si mama."

"Na mimi nilikuwa mtoto!" Dada alijipiga kifua. "Mama ndiye aliyenituma. Ningefanya nini?"

Dobi alimtazama. Swali la haki lile, na alikuwa tayari kulipokea, ila alitaka neno moja tu lifuate. Hata pole. Dada akafuta macho, akatengeneza kilemba chake, akasema watachelewa gari. Walirudi nyumbani wamekaa viti tofauti.

Wiki ile ile muuguzi alifika dukani kwa dobi na sare zake mkononi. Alisubiri mkamuaji azime mashine ili atafsiri, maana sasa hakuna aliyethubutu kumwita dada. Alizunguka sana, alisifu sana. Mwisho akatoa la moyoni: wazazi walishtuka, wengine wamesema hawarudi, na mkuu wa kliniki anaona ni vizuri dada awe anakuja peke yake. "Anaeleza vizuri," muuguzi alisema. "Ana lugha nzuri."

"Mwulize," dobi alimwambia mkamuaji, "atakuja kueleza nini?"

Muuguzi akaona aibu, lakini alijibu. Mikono ya mkamuaji ilisita juu ya meza, kisha ikatafsiri, kwa sababu mzee yule hakujua kutafsiri nusu nusu. "Maisha yako," ilisema.

Dobi alichukua zile sare akaziweka kwenye fungu la kusubiri. Alipiga pasi siku nzima kwa nguvu zilizomfanya mwenye duka aje kutazama kama kuna kitu kinaungua. "Jikaze kisabuni," mkamuaji alimwambia, na alama yake ya sabuni ilikuwa ya kuchekesha makusudi. Hakucheka. Alikuwa na hasira na dada yake, na muuguzi, na watu wote wanaopenda kiziwi awafariji. Lakini zaidi ya wote alikuwa akimfikiria yule mtoto juu ya mpira. Kwa wengine hakujali tena. Dada awapake mafuta mpaka wachoke. Alitaka yule mmoja aambiwe. Kila alipoweka pasi chini aliliona jambo hilo limesimama mbele yake.

Kulipita kama wiki tatu. Asubuhi moja taa ya juu ya meza yake iliwaka na kuzima, ndivyo walivyomwita, na alipogeuka alimwona Mama Pacha amesimama kwenye mlango wa nyuma, ambapo wateja hawaruhusiwi. Mkononi alikuwa na suti ya kiume ya kijivu. Binti zake walikuwa wamemshika nguo, mmoja kila upande.

Hakuna aliyehitaji kutafsiriwa suti ile. Dobi aliipokea kwa mikono miwili.

"Inatakiwa leo jioni," Mama Pacha alisema, na mkamuaji akaizima mashine akaja. "Mwambie pole ya kumsumbua. Mwambie siku ile nilikasirika. Nilimwona amenitishia watoto." Aliwavuta binti zake karibu. "Halafu ile sauti yake ikakataa kunitoka. Nalala nayo, naamka nayo. Dada yake aliongea vizuri sana, hata sikumbuki alisema nini."

Dobi aliangalia mikono ya mkamuaji mpaka mwisho, akaitikia kwa kichwa.

"Basi nimekuja anisaidie," Mama Pacha akaendelea, akamsogeza mbele yule asiyesikia. "Amwambie yeye. Anajua jinsi ya kuongea nao."

Dobi akapiga magoti kwenye sakafu ya maji. Ilikuwa fursa aliyoitamani, na ililetwa mpaka mezani kwake. Akamtazama mtoto usoni. Akafanya alama ya baba. Mtoto akaiga, vizuri kabisa, akatabasamu. Dobi akaionyesha suti, akafanya alama ile tena. Mtoto akaiga tena, akaishika suti kwa furaha, kisha akaonyesha mlango na kumwangalia dobi kwa kuuliza: anakuja? Dobi akafanya alama ya kufa. Mtoto akaiga na hiyo. Aliigeuza mikono yake midogo kama alivyoonyeshwa, akatabasamu, akangoja asifiwe.

Dobi alijaribu alama ya kulala, akafumba macho. Mtoto akafumba ya kwake, akadhani ni mchezo. Dobi akasimama. Magoti yalikuwa yamelowa.

"Mwambie mama yake," alimwambia mkamuaji, na mikono yake ilikuwa mizito, "hana neno hata moja. Hana ndiyo, hana jana, hana kwa nini. Siwezi kumpa kifo mtoto asiyepewa hata maji. Ingetakiwa nianze miaka minne iliyopita." Akaionyesha suti. "Amchukue leo akamwone baba yake. Amguse, amwone wanavyomfunika, amwone anavyoshushwa kaburini. Asimfiche chumbani. Na kesho kutwa amlete hapa, na ajilete na yeye, wajifunze wote wawili."

Mama Pacha alilipokea hilo kichwa chini. "Amguse maiti? Mtoto mdogo hivi?"

"Mwulize," dobi akasema, "huyu mwingine ameambiwa?"

Mkamuaji akauliza. Mama Pacha akajibu kwa sauti ndogo, kwamba alimpakata jana jioni akamweleza yote, na kwamba amelia mpaka sasa.

Dobi akageuka kumtazama. Pacha anayesikia alikuwa amekaa juu ya kapu la nguo chafu, mabega yakimtikisika. Mwenzake alikuwa ameiacha suti, amemfuata pale, anamfuta machozi kwa pindo la gauni lake, akimtazama usoni, kisha akimtazama mama yao, kisha mzee, kisha dobi, mmoja baada ya mwingine, kama kuna atakayemwambia mwenzake amefanywa nini.